Mwachie mtoto atunge mtihani wa hesabu, ndipo utajua anachokijua

Kila mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 7, 8 au 9 anaijua ile karatasi. Mtoto anarudi nayo Ijumaa, imekunjwa mara nne ndani ya daftari, na juu yake wino mwekundu: 4 kwa 10. Ukimuuliza imekuwaje, atakwambia, "Mwalimu alileta maswali magumu." Ukimuuliza ni swali lipi hasa lililomshinda, hakumbuki. Karatasi inaingia chini ya godoro, na wiki ijayo makosa ni yale yale.

Mimi ni mmoja wa walimu wanaotia wino huo mwekundu. Kwa miaka mingi nimetunga mitihani ya hisabati, nikasahihisha hadi usiku, nikarudisha karatasi, nikaandika majibu ubaoni, na watoto wakayanakili bila kusema neno. Siku moja nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mapema. Katika shughuli yote hii, ni nani aliyefikiria zaidi? Mimi ndiye niliyechagua namba. Mimi ndiye niliyejua mtego uko wapi, na mimi ndiye niliyekagua kama jibu linaingia akilini. Mwanafunzi alikuja mwisho, akabahatisha, akaondoka. Kazi tamu yote nilikuwa nikiila peke yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaachia wanafunzi watunge maswali ya jaribio, kisha wenzao darasani ndio wayajibu. Si kila siku, wala si badala ya kufundisha. Ni mara moja kila wiki mbili. Nataka kueleza hapa jambo hili linavyofanya kazi, mahali linapoharibika, na kwa nini naona watoto wetu wa Pwani wanalihitaji sasa.

Kutunga si sawa na kujibu

Mtu anaweza kujibu swali la hesabu bila kulielewa. Anakumbuka mwalimu alizidisha, naye anazidisha. Akipata, ni vyema. Akikosa, hajui kwa nini. Lakini mtu hawezi kutunga swali zuri bila kujua linatoka wapi na linakwenda wapi. Ni lazima ajue namba zipi zitagawanyika sawasawa, habari gani msomaji anaihitaji, na wapi watu huteleza.

Chukua mfano huu, ambao hauhitaji chochote zaidi ya mama mwenye kuuza mahamri kando ya njia:

Mama ana mahamri 120. Asubuhi aliuza sehemu tatu kwa tano (3/5). Jioni akauza robo ya yaliyobaki. Je, yamebaki mahamri mangapi?

Jibu ni rahisi kulitafuta. Tatu kwa tano ya 120 ni 72, kwa hivyo yamebaki 48. Robo ya 48 ni 12. Mwisho yamebaki 36.

Mwanafunzi anayejibu anaishia hapo. Anayetunga ndiyo kwanza anaanza, kwa sababu mimi humtaka alete majibu manne: moja la kweli na matatu ya uongo, na kila jibu la uongo liwe na sababu yake. Haruhusiwi kuandika namba yoyote tu ili kujaza nafasi. Ni lazima ajiulize, "Mwenzangu akikosea, atakosea vipi?"

Kwa hesabu hii, watoto walileta hivi. La kwanza ni 18. Hili ni la mtu aliyechukua robo ya mahamri yote 120, yaani 30, badala ya robo ya yaliyobaki, kisha akatoa: 120 toa 72 toa 30. La pili ni 12, la mtu aliyefika kwenye robo akadhani safari imekwisha. La tatu ni 84, la mtu aliyejumlisha yaliyouzwa, 72 na 12, akasahau kwamba ameulizwa yaliyobaki.

Tazama sasa. Mtoto wa miaka 13 ameweza kutaja makosa matatu ambayo mimi nimeyasahihisha kwa wino mwekundu miaka nenda miaka rudi. Ameyataja mwenyewe, kwa maneno yake. Mtoto aliyeijua njia ya kwenda 18 si rahisi tena kupotelea huko.

Sheria ya kitendawili

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya shule za serikali kufika Pwani. Jioni barazani, mtu husema, "Kitendawili!" Wenziwe hujibu, "Tega!" Anatega, watu wanahangaika. Wakishindwa, husema mji anaoutaka watampa, naye akishaupokea mji wake, hufumbua. Mchezo wote umesimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa popote: mwenye kutega lazima awe na jibu, na jibu likitoka, wasikilizaji waseme, "Ah! Kumbe!" Mtu akitega kitendawili ambacho yeye mwenyewe hana jibu lake, au jibu lake haliwaingii watu akilini, hapewi mji, bali huchekwa.

Mara ya kwanza nilipojaribu jambo hili darasani, nililisahau sharti hilo. Niliwaambia, "Kila kikundi kitunge maswali magumu ya kuwashinda wengine." Nilijuta. Kikundi kimoja kilileta kuzidisha namba ya tarakimu saba kwa desimali ndefu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelitafuta jibu. Kingine kilinakili neno kwa neno kutoka kitabu cha marudio, pamoja na kosa la chapa lililokuwamo. Kingine kilitunga swali la kumcheka mwanafunzi mmoja mnene. Kipindi kikawa soko. Kosa halikuwa la watoto, lilikuwa langu. Niliwaambia wategeane, sikuwaambia kwamba mtegaji ana deni.

Sasa sheria ziko ubaoni, nazo ni nne. Usilete swali usilolijua jibu lake. Usilete swali usiloweza kulieleza mbele ya darasa bila daftari. Usimtaje mwenzako kwa jina wala kwa umbo. Na ya mwisho, ambayo ndiyo iliyobadilisha mambo: swali ambalo hakuna aliyelipata ni hasara ya aliyelitunga, si ushindi wake. Swali zuri ni lile ambalo wengine wanalipata, wengine wanalikosa, na baada ya maelezo wote wanaliona.

Namna ya kulifanya, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu wengi huniuliza saa za kufanya haya zinatoka wapi. Hisabati katika sekondari msingi ina vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Hiyo ni dakika 200 kwa wiki, 400 kwa wiki mbili. Jaribio la kutungwa na wanafunzi huchukua dakika 60 katika hizo 400. Nilikuwa nikitumia karibu muda huo huo kuwapa jaribio langu na kuandika majibu ubaoni.

Tuseme darasa lina wanafunzi 48. Nawagawa vikundi 12 vya watu wanne, na katika kila kikundi nachanganya wenye kasi na wenye kwenda pole pole. Baada ya kumaliza mada, tuseme sehemu na asilimia, kila mtoto anakwenda nyumbani na kazi moja: kutunga swali moja linalotokana na kitu alichokiona kwa macho yake wiki hiyo. Iwe ni dukani, sokoni, kivukoni, baharini au jikoni.

Alhamisi, kwa dakika 20, kikundi kinakaa na maswali yake manne. Kila mmoja analitatua la mwenziwe bila kuona jibu. Hapo ndipo maswali mabovu hujulikana na kurekebishwa. Kikundi kinachagua mawili bora na kuyaandika kwenye vipande vya karatasi, swali mbele, na nyuma jibu pamoja na hatua zake, majibu matatu ya uongo na sababu zake. Napokea maswali 24, nayapitia jioni, nachagua 10. Kuyapitia maswali 24 ni kazi nyepesi kuliko kusahihisha karatasi 48, na kunanifundisha zaidi. Nikiona vikundi vitano vimeandika jibu lile lile lenye kosa, najua kwamba mimi ndiye sikufundisha vizuri, na nina usiku mmoja wa kujirekebisha.

Ijumaa, jaribio dakika 20. Kikundi ambacho swali lake limechaguliwa hakipati alama kwa kulijibu swali hilo. Dakika 20 zilizobaki ndizo muhimu kuliko zote. Watungaji wanasimama mmoja mmoja na kufumbua. Hawasemi tu jibu. Wanauliza, "Nani kaandika 18? Simama, tukwambie ulipita njia gani." Mtoto akiambiwa kosa lake na mwenziwe aliyelitabiri kosa hilo tangu juzi, huwa anacheka. Akiambiwa na mimi, huwa anainama.

Alama za kutunga ninazigawa hivi, jumla 10: swali kueleweka, 3, jibu na hatua kamili, 3, majibu ya uongo yenye sababu, 3, kutonakili, 1. Hakuna alama ya ugumu. Mtoto akijua kwamba ugumu haulipwi, huacha kuandika namba za kutisha na kuanza kufikiria.

Vifaa? Karatasi, kalamu na chaki. Havihitaji tabuleti, intaneti wala karatasi za mtihani za kununua, zile ambazo wazazi huchangishwa kila muhula.

Swali bovu lina faida yake

Usidhani maswali yanakuja yamenyooka. Mengi huja yamepinda, na ndipo somo lilipo.

Mvulana mmoja alitunga swali la matatu iendayo Malindi kutoka Mombasa, kilomita 120. Kwa Kiswahili alisema matatu iliondoka saa nne asubuhi ikafika saa sita na nusu mchana. Lakini hisabati tunaifundisha kwa Kiingereza, na kwenye karatasi alipogeuza lugha, aligeuza saa moja akasahau nyingine. Akaandika kwamba iliondoka saa 4:00 na kufika saa 12:30. Kikundi cha jirani kikapiga hesabu na kupata saa nane na nusu. Msichana mmoja akauliza, "Hii matatu ilikuwa inasukumwa?" Darasa likaanguka kicheko.

Kicheko kile kilikuwa na maana kubwa. Kwanza, walikuwa wamelipima jibu kwa maisha. Huo ndio ukaguzi ninaowaomba kila siku na hawaufanyi: je, jibu hili linawezekana? Pili, tulipata nafasi ya kuzungumza waziwazi juu ya saa yetu na saa ya Kizungu, jambo ambalo huwapotezea watoto wetu alama na hakuna anayelitaja. Tatu, hata baada ya kurekebisha, lilitokea kosa jingine. Safari ilikuwa ya saa mbili na dakika thelathini. Nusu ya darasa waliandika 2.30 na kugawa 120 kwa 2.3, wakapata kasi ya takriban kilomita 52 kwa saa. Lakini nusu saa ni 0.5, si 0.3. Gawa 120 kwa 2.5 upate 48. Mvulana mwenye swali alisema kwa fahari, "Hilo la 52 mimi nililiweka kama jibu la uongo." Nami nilinyamaza. Kipindi kilikuwa chake.

Jambo la lugha lina uzito wake. Mimi nawaruhusu wajadiliane kikundini kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ya nyumbani, kisha waandike swali kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo mtihani utakavyowajia. Kuna watoto niliodhani hawajui hesabu, kumbe kilichowashinda ni sentensi. Mtoto aliyewahi kuandika mwenyewe "robo ya yaliyobaki" kwa Kiingereza, akakosea, wenzake wakamrekebisha, hatalisoma tena neno hilo kwa haraka.

Hesabu waliyokuja nayo kutoka nyumbani

Faida nyingine sikuitarajia. Watoto walipoambiwa watunge kutokana na maisha yao, walileta hesabu ambazo mimi nisingezitunga.

Mmoja, kimya siku zote, anayekaa nyuma karibu na dirisha, alileta swali la mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na mali ya Sh240,000. Mke anapata thumuni. Kilichobaki wagawane watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kila mmoja apata ngapi? Alisimama akalifumbua bila daftari: thumuni ya 240,000 ni 30,000, zimebaki 210,000, fungu moja ni 70,000, basi wa kike 70,000 na wa kiume 140,000. Alikuwa amejifunza chuoni, jioni. Kwa miaka miwili alikuwa akinikosea maswali ya sehemu na uwiano darasani asubuhi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba thumuni ya chuoni na moja kwa nane ya ubaoni ni kitu kimoja.

Mwingine alileta mgao wa samaki kati ya mwenye chombo na mabaharia wake. Mwingine alileta nauli ya tuktuk na abiria walioshuka njiani. Na msichana mmoja, ambaye kwenye majaribio yangu alikuwa akipata 2 au 3 kwa 10 na aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mimi hesabu si zangu," alileta swali la leso. Mamake huuza leso. Swali lake lilikuwa fupi:

Leso ilikuwa Sh600. Bei ikapanda asilimia 20. Baadaye ikashuka asilimia 20. Sasa ni bei gani?

Karibu darasa zima liliandika 600. Hata wale vinara waliandika 600. Alisimama mbele, sauti ikitetemeka kidogo, akasema, "Asilimia 20 ya kwanza ni ya 600, hiyo ni 120, bei imekuwa 720. Asilimia 20 ya pili si ya 600 tena. Ni ya 720. Hiyo ni 144. Bei ni 576." Kukawa kimya, kisha ikatoka ile "Ah! Kumbe!" ya barazani.

Sitawadanganya kwamba msichana huyo amekuwa wa kwanza darasani. Hakuwa. Lakini aliacha kurudisha karatasi yenye nafasi tupu. Anajaribu kila swali, na akikosa anauliza amekosea wapi. Kwa mwalimu wa hisabati, hayo si mabadiliko madogo.

Wengine waliotutangulia

Jambo hili si uvumbuzi wangu. Mwaka 1945 George Polya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungary aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alitoa kitabu How to Solve It. Humo anamshauri aliyekwama kwenye swali atafute au atunge swali jingine linalofanana nalo, rahisi zaidi, aanze na hilo. Mwaka 1983 Stephen Brown na Marion Walter walitoa The Art of Problem Posing, kitabu kizima juu ya kutunga maswali ya hisabati. Mbinu yao kuu ni nyepesi: chukua swali lolote, orodhesha mambo yaliyomo, kisha badilisha moja na uulize, kama isingekuwa hivi, ingekuwaje?

Mbinu hiyo naitumia kwa watoto wanaosema hawana la kutunga. Nawarudisha kwenye mahamri. Badilisha sehemu. Badilisha idadi. Au geuza swali kichwa chini: mama aliuza 3/5 asubuhi, robo ya yaliyobaki jioni, akabaki na 36. Je, alianza na mahamri mangapi? Hapo hapo tumeingia aljebra. Baada ya asubuhi yamebaki 2/5. Baada ya jioni imebaki 3/4 ya hizo 2/5, yaani 3/10. Ikiwa 3/10 ni 36, basi 1/10 ni 12 na yote ni 120. Watoto wanaoiogopa aljebra hawajui hata kama wameshaifanya.

Nchini New Zealand, Chuo Kikuu cha Auckland kina mfumo uitwao PeerWise, ulioanzishwa na Paul Denny, na tangu mwaka 2008 taarifa zake zimechapishwa. Wanafunzi huandika maswali ya kuchagua pamoja na maelezo ya jibu, na wenzao huyajibu na kuyapima ubora. Sisi tunafanya hilo hilo kwa vipande vya karatasi. Na mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu. Jaribio, basi, linafunza pia. Halipimi peke yake.

Kuna na kisa cha zamani zaidi ninachopenda kuwasimulia watoto. Mwaka 1535, Italia, wanahisabati wawili walishindana kwa kutegeana. Mmoja ni Antonio Maria Fior, mwingine Niccolò Tartaglia. Kila mmoja alimpa mwenziwe maswali 30. Fior alikuwa na siri moja tu, njia ya kutatua aina moja ya mlinganyo, na maswali yake yote 30 yalikuwa ya aina hiyo. Tartaglia alitunga maswali ya kila namna. Tartaglia aliivumbua siri ile mwenyewe kabla ya siku kufika, akayamaliza yote 30. Fior alikwama kwenye mengi ya mwenziwe. Maswali aliyoyatunga yalikuwa yameshaonyesha, kabla hajajibu hata moja, kwamba elimu yake ilikuwa ya kitu kimoja. Watoto wetu nao, ukitazama wanayotunga, utaona wanachokijua na wanachokikwepa.

Malalamiko niliyoyasikia

Wapo wanaosema mtoto atatunga swali lenye kosa na kuwafundisha wenzake upotofu. Ni kweli inaweza kutokea, ndiyo maana hakuna swali linalofika Ijumaa bila kupita kwa wenzake na kwa mwalimu. Mwalimu asiyekuwa na muda wa kuyapitia asianze.

Wengine wanasema watoto watanakili, au watamuuliza simu ya kakake iwatungie. Watafanya hivyo. Lakini simu haitasimama mbele ya darasa Ijumaa kueleza kwa nini kuna mtu ameandika 18. Sharti la kufumbua bila daftari limemaliza sehemu kubwa ya udanganyifu.

Wapo wanaohofia aibu kwa walio nyuma. Hilo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Ndiyo sababu swali huletwa kwa jina la kikundi, wala si la mtoto, na wanaotaka kufumbua wanajitolea. Yule wa leso alijitolea wiki ya tano.

Na wapo wazazi wanaosema, "Mwalimu analipwa kutunga, anawatupia watoto kazi yake." Ndugu mzazi, mimi bado natunga mitihani ya mwisho wa muhula. Wala sijaona mwalimu wa upishi anayepika kila siku huku wanafunzi wakila tu, kisha akashangaa kwamba hawajui kupika.

Kwa nini sasa

Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Darasa la kwanza la mtaala wa CBC liliingia Gredi ya 7 Januari mwaka huo huo, na likafanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025. Baada ya Gredi ya 9, mtoto anaelekezwa kwenye mkondo: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtaala wenyewe unasema unataka mtoto anayefikiria kwa kina, anayeshirikiana na wenzake na anayejua namna ya kujifunza. Lakini madarasa mengi bado yanakwenda kwa mwendo wa zamani: karatasi, wino mwekundu, karatasi.

Nina hofu moja. Watoto wetu wengi watakwepa mkondo wa sayansi si kwa sababu wanapenda zaidi mikondo mingine, jambo ambalo lingekuwa la heri. Watakwepa kwa sababu wakiwa na miaka 14 wamekwisha kujihukumu kwamba hesabu si zao. Nao wamezaliwa katika pwani ambayo mtu huhesabu tangu alfajiri: mgao wa samaki, pishi za mchele, mafungu ya mirathi, faida ya leso. Hesabu ni zao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia hivyo, na kuwapa chaki.

Mzazi unayesoma haya, huhitaji kungojea shule. Huhitaji hata kuwa umesoma hisabati. Usiku wa leo, baada ya chakula, mwambie mwanao, "Nitegee hesabu, ya kitu ulichokiona leo." Akitega, jaribu. Ukikosa, mwambie akueleze umekosea wapi, na usimkatize. Ukipata, muulize angeibadilishaje ikushinde. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ndivyo tulivyolelewa. Ila mtoto anayefunzwa kuuliza swali lenye jibu, akalisimamia mbele za watu, huyo anajifunza mara mbili. Na ikiwa amekushinda kweli, basi mpe mji.